Kigari cha Bluu

Dukani Piotrkowska kigari kimesimama
kama bwana harusi, ngozi nyeusi,
magurudumu manne yasiyojua tope.
Bei yake: kodi ya nyumba, miezi mitatu.
Radek akakizunguka mara mbili, mikono nyuma,
akauliza kama breki zinashika,
utadhani mtoto atakimbizana na gari moshi.

Mama mkwe akasema: wa kwanza hapewi mtumba.
Kisha akasema: wala hanunuliwi kitu kabla hajalia.
Mama, chagua moja.

Nikapanda tramu peke yangu hadi Bałuty,
tumbo likinitangulia mlangoni.
Halszka, dereva wa tramu, bado na sare yake,
alikichomoa stoo chini ya skii kuukuu:
cha bluu, kimepauka upande uliokaa dirishani.
"Kimebeba watatu, na viazi, na mara moja televisheni.
Gurudumu la kushoto hulia. Usilitie mafuta,
watoto hulalia sauti hiyo."
Alitaka zloti sitini na chupa ya matango ya siki.

Mfukoni mwake nilikuta soksi moja,
fupi kuliko kidole changu gumba.
Nilitaka kuirudisha.

Sasa kiko ukumbini, orofa ya nne.
Mama mkwe hakusema neno;
amefunga utepe mwekundu kwenye mpini
kuzuia kijicho. Cha nani, sijui.
Nani akionee kijicho kigari hiki?

Usiku Radek huamka, ati kunywa maji.
Nasikia gurudumu, kwiii, kwiii,
huku na huku mbele ya jiko:
kigari kitupu,
na baba mtu anajifunza kukata kona.