Meli ya Katuba

Mkuku niliutoa kwenye gunia la makala.
Katikati ya vipande vyeusi kulikuwa na kigogo
kilichopita tanurini kikagoma kuiva:
mninga, mwekundu ndani kama ulimi wa ng'ombe.
Godeliva alitaka kukirudisha kwa muuzaji, apunguziwe bei.
Nikamwambia, hiki kimekataa moto,
huenda kitakubali maji.
Maji gani, akasema, Katuba hii?
Bomba letu linakohoa tangu Jumanne.

Mchana nasuka mota zilizoungua,
za vinu, za pampu, za feni.
Naning'oa nyaya zilizokufa, naziviringia mpya,
mizunguko mia na arobaini, nikikosea mmoja naanza upya.
Usiku vidole bado vinahesabu,
basi navipa mbao.

Meli yenyewe sijaiona.
Mama aliipanda akiwa na miaka kumi na miwili,
Moba hadi Kalemie, kisha treni ya kuja huku,
na katika miaka yote ya kunisimulia
nimeambulia haya tu:
kwamba ukingo ulikuwa wa kijani,
kwamba alitapika mihogo,
kwamba madirisha yalikuwa saba. Mwaka mwingine, tisa.
Nimetoboa manane, tusigombane.

Majina ya viungo niliyapata kwenye kamusi ya Numbi.
Mkuku. Taruma. Omo. Tezi. Ngama.
Binti yangu akacheka: Baba, mkuku ndiye mume wa kuku?
Nikayatamka polepole, moja moja,
kama mtu anayehesabu pesa za nchi ya watu.

Mataruma niliyapinda kwa mvuke wa sufuria ya bukari.
Unashika ubao mwembamba juu ya maji yanayochemka,
unahesabu pumzi sitini, unaukunja,
unalia kidogo, halafu unakubali.
Tatu zilivunjika.
"Unga uko tayari, ondoa takataka zako!"
Godeliva, mwiko mkononi.
Bado moja, nikasema, moja tu,
na usiku ule tukala bukari yenye harufu ya msitu.

Umeme ukakatika siku kumi na moja.
Nikapiga msasa gizani.
Macho hudanganywa na taa;
kiganja hakidanganywi, hujua kinundu kilipo.
Waya mwembamba kama unywele, masalio ya mota ya kinu,
umekuwa kamba, ngazi, mnyororo wa nanga.
Tumbo nimelivika bati la shaba.
Mwilambwe akachungulia juu ya ukuta:
"Mji mzima unauza shaba, wewe unaivisha mbao?"
Ndiyo, nikamjibu.
Sikuwa na jibu lingine.

Jumapili, beseni la kufulia,
ndoo nne za maji ya kununua.
Ikaelea ikiinamia kushoto, kama mtu anayesikiliza.
Nikatia nati mbili upande wa kulia.
Ikanyooka.
Numbi akapuliza, ikaenda sentimita thelathini
ikagonga ukuta wa plastiki,
na Godeliva, aliyesema hana muda,
alikuwa amesimama nyuma yetu na nguo chafu mikononi.

Nikampelekea Mama chumbani, bado inadondosha maji.
Macho yake yalizimika zamani. Akaipokea kwa vidole:
akapita ukingoni, akakawia pale
kana kwamba kijani kinashikika,
akahesabu madirisha, midomo ikicheza, asiseme kitu,
akapanda sitahani, akafika kwenye dohani.
Akaishika.
Nikangoja.

"Hapana," akasema. "Hii ilikuwa nyuma zaidi.
Tuliiegemea usiku kucha, mimi na marehemu kaka.
Ilikuwa na joto."

Sikuwahi kusikia kwamba alikuwa na kaka.

Nikatoka uani, nikawasha tochi,
nikatafuta koleo.