Ampea Ishirini na Tano

Kwanza tulikuwa na nguzo tu,
nguzo ya chuma, fupi kama mtoto wa darasa la pili,
imesimama uani Sotkamo tangu nyumba ilipokuwa ya baba mkwe,
soketi yake chini ya kifuniko kinachogoma kikishikwa na barafu.
Mzee alichomeka pale dizeli yake
saa mbili kabla ya kazi, injini ipate joto,
isikohoe.
Nguzo haikuwahi kuombwa zaidi ya hapo.

Sasa gari letu halina kikohozi. Halina hata sauti.
Saimi alilileta Oktoba, la kijivu,
akaliegesha ubavuni mwa nguzo
kama anayempeleka mgeni kwa bibi kiziwi,
akachomeka, akangoja.
Asubuhi: asilimia kumi na tisa zimeongezeka.
"Polepole mno," alisema Eetu kwa simu kutoka Oulu,
sauti ya mwana aliyeanza juzi kulipa bili zake.
"Nunueni ya kilowati ishirini na mbili."

Wiki mbili majarida yalikula nafasi ya sahani.
Yenye kebo yake, au isiyo na kebo?
Yenye kebo ni rahisi, lakini kebo hulala nje,
na baridi ikizidi hukakamaa
kama soksi iliyosahauliwa kambani.
Isiyo na kebo hukaa safi ukutani, mithili ya sanduku la barua,
ila nani atachimbua kebo kwenye buti kila jioni?
Mimi.
Moja ilitaka waifai. Nyingine ilitaka jina langu,
tarehe ya kuzaliwa, na ruhusa ya kunitumia habari.
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne;
nikachora jedwali: bei, dhamana, urefu wa kebo, rangi.
Saimi akaongeza safu moja kwa penseli:
"Isiyoongea."

Alhamisi akaja fundi, Inka,
akavua viatu mlangoni, akatembea na soksi za sufu
moja kwa moja hadi kwenye sanduku la fyuzi.
Jedwali langu hakulitazama.
Akafungua. Akanyamaza kama daktari.
"Ampea ishirini na tano kila fezi."
Akahesabu kwa kidole: joto la nyumba, jiko, boila.
Kidole kikasimama. "Na hii ni sauna?"
Ni sauna.
"Basi ishirini na mbili isahauni. Hata kumi na moja,
mawe yakiwaka na gari likinywa kwa pamoja,
mtakaa gizani mkiwa uchi."

Saimi alicheka hadi akashika ukuta.
Mimi sikucheka. Wiki mbili nzima
nilikuwa nikiuliza ipi ina kasi,
wala sikuuliza gari linakwenda wapi.
Linakwenda Kajaani, mara mbili kwa wiki,
kwa mama yake Saimi, wodi ya pili, dirisha la mtoni,
anayetuita kwa majina ya ndugu zake waliokufa
na kunywa kikombe kimoja cha kahawa kwa saa nzima.
Kilomita arobaini kasoro mbili kwenda, na hizo hizo kurudi.
Kisha gari lina usiku kucha wa kushiba.

Tukachukua ile ndogo, kebo ya mita saba na nusu,
isiyoongea.
Inka akaifungia kidude cha ukubwa wa kiberiti
kinachosikiliza nyumba nzima
na kujua nani ana haja zaidi.
Nguzo alitaka kuing'oa. Saimi akasema iache.
Sababu hakutoa, na fundi hakuuliza.

Jumamosi ya kwanza, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
nilitoka kupoa, taulo kiunoni,
mvuke ukinifuka mabegani.
Taa ya chaja ilikuwa kijani.
Nyuma yangu nikasikia maji yakilia juu ya mawe,
Saimi akiguna kwa raha.
Punde taa ikawa njano. Gari likaacha kunywa.
Nyayo zilikuwa zimeanza kuuma,
lakini nililisogelea, nikaligonga boneti mara mbili,
kama unavyomgusa mwenzako kwenye foleni:
bado kidogo.