Saa Moja na Dakika Kumi na Mbili

Waliuita mradi wa kiangazi.
Huku Ng'ong'ona Julai ni kipupwe,
upepo unasukuma mchanga chini ya mlango wa bweni,
nami nimevaa soksi mbili na koti la marehemu babu,
naandika hesabu za vitu vinavyoanguka
bila kufika chini.

Maana mzingo ndio huo tu: kuanguka
kwa kasi ambayo ardhi inajikunja mbele yako
kabla hujaigusa.
Nilimweleza hivyo shangazi Sechelela kwenye simu.
"Sasa wewe hapo unaandika nini?"
Kodi, shangazi.
"Kodi! Umepata kazi TRA na hukusema?"

Si kodi hiyo. Ni programu huria,
haina mwenye duka, haina risiti;
mtu wa Hanoi kaweka tofali, wa Bilbao kapiga lipu,
mimi nimepewa kona moja ya kupima:
setilaiti ipite juu ya mtu,
programu iseme ilipita lini.

Nikahitaji mtu.

Shangazi analinda zabibu Hombolo.
Ana kaunta buku: kreti ngapi, nani kakopa dawa ya ukungu,
na kwa ombi langu, pembeni, kwa penseli:
Nyota inayotembea. Imetoka upande wa Dodoma mjini.
Saa 1:12. Haikuyumba.

Nikaichukua 1:12 yake, nikaipanda kwenye jaribio.
Jekundu.
Nikabadili digrii kuwa radiani. Jekundu.
Nikaushuku mvuto wa mwezi, nikaushuku ubapa wa dunia,
usiku mmoja nikaishuku hata LUKU.
Wiki tatu.
Ines, msimamizi wangu, akaandika kutoka Bilbao kwa upole,
ule upole wa watu wenye umeme:
"Wakati huo chombo kilikuwa juu ya Pasifiki.
Una hakika na shahidi wako?"

Nina hakika na shahidi wangu.
Huyu ndiye aliyejua kreti ya Chilongani imepungua kilo mbili
kwa kuiinua tu.

Nilikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo mbili miguuni,
mlinzi alipopaza sauti: "Bomba linafungwa saa moja!"
Watu wakasogea, wakasukumana.
Hakuna hata mmoja aliyedhani
ni usiku wa manane.

Saa moja.
Niliacha ndoo palepale.
Ongeza sita. Ongeza kumi na mbili, maana jua limezama.
Toa tatu, uwafikie wanaohesabu kutoka Griniwichi.
16:12.
Kijani.

Kosa halikuwa mbinguni wala kwenye programu.
Lilikuwa kidole changu,
kilichosoma mwandiko wa shangazi kama mgeni.

Ines aliuliza, na nadhani alitaka kujua kweli:
"Kwa nini saa zenu zinaanza jua likichomoza?"
Nikaandika: Zenu kwa nini zinaanza watu wamelala?
Akakaa kimya siku nzima.
Kisha akapokea mchango wangu, mistari arobaini na mmoja,
na akaniomba niache maelezo kwa Kiswahili.

Ndoo moja sikuipata tena.

Agosti mwishoni nikashuka Hombolo.
Tulisimama kati ya mistari ya mizabibu,
mimi na simu, yeye na buku lake, mbwa katikati.
Programu ilisema 1:31 na sekunde arobaini.
Ilichomoza juu ya bwawa, nyeupe, haina haraka ya kuonekana.
"Mbukwa," shangazi akaiambia,
kama jirani aliyekatiza shambani.

Imewahi, nikasema. Sekunde nne.
"Imewahije?"
Hewa nyembamba ya huko juu inaivuta, ikashuka kidogo,
na inayoshuka ndiyo inayokimbia.
Akafikiri, akalamba ncha ya penseli.
"Kama ng'ombe wakiteremkia maji," akasema,
akaandika chini ya kreti kumi na nne:
nyota, imewahi.