Msumari Mmoja

Mimi ni Bugomola wa skrepa, Igogo, nyuma ya reli.
Mizani yangu haina aibu, inapima chochote:
injini ya boti iliyozama, kilo mia na tisa,
springi, rimu za baiskeli, mlango wa friji,
misumari ya watoto ndani ya kopo la mafuta.
Chuma nakijua kwa mlio.
Gonga tu, nitakwambia kutu imefika wapi.

Nyanjige sikumgonga.

Alianza kupumzika kwenye jiwe la tatu,
akipanda kwetu mlimani na beseni la sato.
Baadaye jiwe la pili. Baadaye la kwanza.
Baadaye akawa anamtuma mtoto,
yeye kizingitini, anatafuna udongo wa pemba,
miguu imeumuka kama andazi.
Nikasema ni umri. Nikasema, acha huo udongo.
Usiku nausikia moyo wake kupitia godoro,
unabisha hodi kama mtu anayedai ujira wake.

Kule Bugando Daktari Mkama alisoma karatasi mara mbili.
Moyo umechoka, akasema, na damu haina chuma.
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka:
chuma, nyumbani kwangu?
"Mwili wako wote, mzee, una chuma cha msumari mmoja.
Wa mama huyu haufiki nusu."
Mizani yangu haisomi chini ya robo kilo.

Wakatundika dripu. Maji ya kahawia,
rangi ileile ninayoisugua viganjani kila jioni.
Kutu, nikawaza, wanamtia mke wangu kutu,
tone, tone,
mpaka jua likahamia kitanda cha jirani.

"Basi nipe na vidonge, vingi, nimlishe mwenyewe."
Akatikisa kidole.
Kikizidi hakijui mlango wa kutokea, alisema,
kinajibanza kwenye ini, kwenye nyama ya moyo,
kinaila polepole.
Hapo nilimwelewa bila mkalimani:
nimekata meli ngapi zilizoliwa hivyo, kwa ndani,
huku rangi ya nje bado inang'aa.

Jumamosi alipanda.
Jiwe la kwanza hakulitazama.
La pili alilipita kwa tusi la Kisukuma.
La tatu akakaa, akaniuliza kwa nini nahema.

Jana mtoto wa Masalu kaniletea msumari mmoja, umepinda.
Nimemlipa bei ya kilo.
Alikimbia kabla sijabadili mawazo.