Kifungu cha Tafsiri

Katika Sheria hii, isipokuwa pale muktadha utakapotaka vinginevyo,
na hapo kalamu yangu ikakwama siku tatu
kule Helsinki, ghorofa ya nne, kahawa ikipoa.
"Rasilimali jadidifu" maana yake ni ile inayojirudisha.
Sawa. Inajirudisha ndani ya muda gani?
Samaki, msimu. Msitu, miaka themanini.
Chuma kikichimbwa, tutaonana kiyama.
Lakini mboji, udongo mweusi wa kinamasi unaowaka kama kuni,
imesimama kizingitini, haijulikani inaingia au inatoka.

Mwenyekiti akasema: tia neno "polepole".
Jadidifu polepole.
Silabi nne, na matanuri ya miji mizima yakapata ruhusa.

Nikapanda treni kwenda kaskazini
kuliona hilo polepole kwa macho.

Hilppa Rautakoski alinivisha mabuti ya marehemu mumewe,
makubwa mno, nikajaza magazeti.
Akachomeka ufito wa chuma kinamasini,
ukazama, ukazama,
mpaka ngumi yake ikagusa maji.
"Mita tatu. Milimita moja kwa mwaka.
Wewe ndiye msomi, piga hesabu."
Mbu wakanipigia hesabu shingoni.

Eevertti wake aliendesha mashine ya kukwangua hapa
miaka thelathini na mmoja.
Mshahara uliezeka nyumba, ukasomesha mabinti wawili;
hata bomba lililopasha chumba nilicholala
linatoka kwenye tanuri hilohilo.
"Sikitukani chungu nilichopikia," alisema, akipangusa ufito.

Kisha akanisimulia ya Mansikki,
ng'ombe wa jirani aliyezama mwaka wa hamsini na moja,
mashine ya Eevertti ikamfukua sabini na nane:
manyoya yapo,
kengele ipo shingoni,
kope zote zipo, kama aliyesinzia baada ya malisho.
Kijiji kizima kilikuja kutazama. Mwenye ng'ombe alivua kofia.
"Kajirudisha," Hilppa akasema, "andika hivyo.
Ila hakamwi."

Sasa nipo mezani.
Nimelifuta "polepole", nimeliandika, nimelifuta.
Rasimu inatakiwa kabla ya saa kumi.
Penye idadi ya miaka nimeacha nukta tupu,
nyingi, zinavuka ukingo wa karatasi.

Chini ya meza yapo mabuti ya Eevertti,
na tope lake, na magazeti yake.
Nilisahau kuyarudisha.