Kifaa cha Sita

Wamono alinitumia pesa kutoka Doha
na picha ya nyumba aliyoijenga, asilale humo hata usiku mmoja:
vyumba vinne, ukumbi, jiko la vigae vyeupe,
Nkoma, Mbale, mlima Wanale ukichungulia dirishani.
"Fundi Okiror," akaandika, "nifungie vitambua moshi sita.
Viungane, visemezane, vinifikie mkononi.
Mama yuko peke yake."

Nikapanda ngazi, nikatoboa dari.
Kimoja kimoja nikavifundisha jina la ruta
na neno la siri, ambalo lilikuwa jina la marehemu babake.
Vikapepesa kijani, vikatulia kama wageni wa posa.
Nikakibonyeza cha ukumbini:
vyote sita vikalia kwa mpigo,
kuku wakaruka ua wa jirani,
na huko Doha, siku ya Ijumaa, kitanda cha juu,
chumba cha wanaume wanane,
simu ikatetemeka.
"Imefika," akaandika. Tukaagana.

Wiki ya pili akanipigia, sauti imekwaruza.
"Kila siku saa nne, fundi. Kila siku! Moshi, jikoni.
Niko ghorofa ya thelathini, nimeshika nondo,
mfuko unatetemeka, nadhani mama anaungua."

Nikarudi na bisibisi.

Mama Nambozo alikuwa amelisukuma kando jiko la gesi,
amelifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe,
na juu ya vigae vyeupe ameweka mafiga matatu.
Juu ya mafiga, uchaga. Juu ya uchaga, malewa,
machipukizi ya mwanzi aliyoletewa na dadake kutoka Bududa,
yanakunywa moshi taratibu, yanageuka rangi ya chai.
Na juu ya malewa, darini, kifaa changu cha sita,
tumbo limeshakuwa jeusi.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Sijui kama waliwahi kula malewa.
Hapa moshi si dalili ya kitu.
Moshi ndio mboga yenyewe.

"Mama, nitakihamisha hiki."
Akaniangalia kama mtu aliyeomba kuondoka na mlango.
"Zamani alipiga Jumapili. Tena Jumapili moja moja.
Sasa kikilia tu, maji hayajachemka, huyo hapo:
Mayi, uko salama?
Namwambia niko salama. Halafu namuuliza amekula nini.
Wewe hamisha, kisha uje wewe kuniuliza."

Nikakaa kwenye ngazi, katikati, si juu si chini.
Kazi yangu naijua: king'ora kinacholia kila siku
ipo siku kitalia na hakuna atakayegeuza shingo.
Huo nao ni moto, ila unawaka polepole.

Basi nikafunga cha saba, cha joto,
kisichojali moshi, kinachosubiri nyuzi sitini.
Hicho nikakipa kelele zote, na neno HATARI,
na namba ya jirani mwenye pikipiki, maana zimamoto wako mbali.
Cha sita nikakinyang'anya sauti, nikakiachia mtandao tu.
Na kwenye programu, paliposomeka "Moshi: Jikoni",
nikafuta, nikaandika kwa kidole chenye masizi:
"Mama amewasha."

Kesho yake nilirudi kuchukua ngazi,
nikakuta umeme umekatika tangu alfajiri. Ruta imekufa.
Vifaa saba vinaishi kwa betri:
vinaona kila kitu, havina wa kumwambia.
Malewa yalikuwa tayari, yamepikwa kwa karanga.
Nikakaribishwa, nikanawa, sikujivunga.

Saa nne na robo simu ya mama ikaita.
Alijifuta vidole kwenye gomesi, kimoja kimoja, bila haraka,
akapokea, akaweka sauti ya juu.

"Mayi, mbona leo kimya? Hujawasha?"