Waya Uliolala Chini ya Zulia

Mundhir,
ule waya wako nimeung'oa leo Jumatano,
mama alipokwenda soko la wanawake.
Mita ishirini na tano, mwembamba, wa taa,
ulioutandaza toka jikoni hadi chumbani kwake
wiki ile kabla hujahamia Suhari.
"Asiamke na baridi kufuata chai," ulisema.
Uliobaki ukauzungusha mara kumi na mbili
ukaulaza chini ya zulia kama paka.

Nimeketi na daftari.
Chuoni haya tunayasoma kwa Kiingereza,
mwalimu anatufokea kwa Kiarabu,
ila kuzidisha, unajua, nazidisha kwa Kiswahili cha mama.

Kitakoni mwa birika pameandikwa: wati elfu mbili mia nne.
Zigawe kwa volti mia mbili arobaini: ampea kumi.
Volti kwa ampea, nao ndio ukinzani,
omu ishirini na nne.
Birika halina kosa. Linachemka, linanyamaza.

Waya wako, kwenda na kurudi, ni omu moja.
Moja tu. Utacheka.
Lakini mkondo hauruki mlango wa mtu:
ishirini na nne na moja, ishirini na tano;
ampea zinashuka, tisa nukta sita;
zizidishe kwa zenyewe, kisha kwa ile moja yako.
Wati tisini na mbili,
hazichemshi maji, hazimfai mtu,
zimo chini ya zulia zinajipika.

Na siku ya Idi, alipokuja shangazi Zuwena na birika lake?
Mawili sambamba, omu kumi na mbili.
Na moja yako.
Ampea kumi na nane na ushei.
Birika limeongezeka moja,
joto la waya limekaribia mara nne:
mia tatu na arobaini, Mundhir,
na sisi juu yake tunapokezana sahani ya halua.

Nimefunua zulia.
Mizunguko kumi na miwili imekuwa mkate mmoja,
rangi ya kahawa,
nyuzi za zulia zimegandamana nao.
Penseli imenianguka. Sikuiokota upesi.

Sasa kuna soketi ukutani, kando ya kitanda,
na waya mnene ndani ya bomba lake,
na fyuzi inayojua kukata tamaa mapema.

Mama karudi na kapu la ndimu.
Kavua viatu, kapapasa zulia kwa wayo,
pale pale.
Kapapasa tena.
"Hapa palikuwa na joto."
Kumbe Januari nzima
alikuwa akichemsha maji asiyoyanywa,
birika baada ya birika,
apate pa kuweka miguu.
"Nilidhani ni jua la mchana limesalia," kasema,
kisha kaenda kuosha ndimu.

Sikumwambia hesabu.
Nimerudi kwenye daftari,
nimefuta "hazimfai mtu",
karatasi imetoboka kidogo.
Safu ile ya hasara nimeiacha wazi.

Ukija mwisho wa mwezi usituletee waya.
Lete soksi za sufi, nene.
Mguu wake ni thelathini na saba,
wa kushoto huvimba.